Tufanye Kazi, Lakini Kazi Isitumalize

Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo si kawaida kuliona katika ajenda za mikutano yetu. Tukikutana tunazungumza juu ya mbuzi wa maziwa, ndizi, akiba, mikopo na karo ya watoto. Lakini kuhusu mwili wa yule anayefanya kazi hiyo yote, tunanyamaza mpaka siku ya kuchanga pesa za hospitali.

Basi tuanze na zoezi dogo. Katika mkutano ujao, mwombeni mweka hazina afungue kitabu chake. Aangalie mikopo na michango ya mwaka uliopita. Je, ni mingapi ilitolewa kwa sababu mtu aliugua au aliumia? Na kati ya hiyo, ni mingapi ilitokana na kazi: panga lililokata mguu, mgongo uliokataa kunyooka, kifua kisichopona, mtu aliyezirai baada ya kunyunyizia dawa? Vikundi vingi vikifanya hesabu hii vitashangaa. Kumbe pesa tulizotafuta kwa jasho zinarudi kulipia madhara ya jasho lenyewe.

Mfanyakazi ni nani?

Ukiuliza kijijini, wengi watakuambia mfanyakazi ni yule aliyeandikwa kazi kwenye kiwanda cha majani chai, au shuleni, au ofisini mjini. Mama anayechuna majani chai yake mwenyewe kule Nyamira atasema, "Mimi sifanyi kazi, niko tu nyumbani." Kijana anayechonga mawe Tabaka atasema anajitafutia tu.

Sisi tunasema hawa wote ni wafanyakazi, na sheria inakubaliana nasi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali ambapo mtu yeyote anafanya kazi, iwe kwa muda mfupi au siku zote. Hata aliyejiajiri mwenyewe anatakiwa ajilinde, tena asiwahatarishe wengine kwa kazi yake.

Shirika la Kazi Duniani, yaani ILO, huhesabu kilimo kuwa kati ya kazi tatu zenye hatari kubwa zaidi, pamoja na ujenzi na uchimbaji wa migodi. Hapa kwetu mtu mmoja anaweza kufanya zote tatu katika wiki moja. Jumatatu analima, Jumatano anachimba mawe, Ijumaa anasaidia fundi kujenga. Na huyo hana meneja wala mkaguzi wa kumwangalia. Wa kumwangalia ni nani basi? Ni jirani yake na kikundi chake. Hilo ndilo neno letu la leo.

Tabaka: vumbi na beseni la maji

Twende kwanza Tabaka, upande wa Mugirango Kusini. Mawe laini ya kule, meupe, ya waridi na ya kijivu, yamepeleka jina la Kisii katika maduka ya nchi nyingi. Familia nyingi zinayategemea. Kazi hugawanywa. Wanaume wengi huchimba jiwe na kulichonga kwa panga, kisu na tupa. Akina mama wengi hukaa na beseni la maji, wakisugua vinyago kwa msasa mpaka viwe laini, kisha vinapakwa rangi au nta.

Hebu simama hapo uangalie kwa makini. Pale anapochonga baba, nguo, nywele na kope za macho ni nyeupe kwa vumbi. Pale anaposugua mama, hakuna vumbi hewani. Kwa nini? Kwa sababu ya maji. Msasa ule ule na jiwe lile lile, lakini vumbi limeshikwa na maji likazama chini ya beseni.

Vumbi la jiwe si uchafu wa kupangusa tu. Vumbi nene unaloliona kwa macho mara nyingi hukwama puani na kooni, ukalitoa kwa kamasi au kikohozi. Vumbi la hatari zaidi ni lile jembamba lisiloonekana, linaloelea hewani hata baada ya kazi kusimama. Hilo hufika ndani kabisa ya mapafu na kukaa humo. Mawe mengi yana madini ya silika, na vumbi la silika huacha makovu kwenye mapafu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Mtu huanza kuchoka akipanda mlima ambao zamani aliupanda akiimba. Kisha anakohoa. Baadaye anakosa pumzi hata akitembea nyumbani. Tena ugonjwa huu hauna tiba ya kuyarudisha mapafu yalivyokuwa, na mwenye nao hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko watu wengine.

Mzee mmoja alituambia, "Sisi tulizaliwa kwenye vumbi hili, mwili umelizoea." Tunamheshimu mzee wetu, lakini hapo hatukubaliani naye. Mapafu hayalizoei vumbi. Yanalihesabu kimya kimya, na deni linadaiwa baada ya miaka kumi au ishirini. Wakati huo mtoto wa mzee ndiye ameshika panga, na mjukuu analala ndani ya kibanda penye mavumbi.

Sasa tufanye nini? Hatuwezi kuwaambia watu wa Tabaka waache jiwe. Tunawaambia wachukue somo la beseni la mama.

Kwanza, lowesheni jiwe kabla ya kulichonga, na mlirudie maji likikauka. Kopo lenye matundu au chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko inatosha.

Pili, chongeni nje, mahali penye upepo, na mchongaji akae upepo ukitoka upande wake. Kibanda kilichofungwa pande zote hufungia vumbi ndani.

Tatu, msifagie vumbi kavu. Mwagieni maji kwanza.

Nne, nguo za kazi zisiingie nyumbani wala zisikung'utwe karibu na watoto. Zivuliwe, ziloweshwe, zifuliwe peke yake.

Tano, wale wanaotumia mashine za umeme za kukata na kusaga, jueni kwamba mashine hutoa vumbi jembamba na jingi kuliko panga. Lakini msije mkamwagia maji mashine ya umeme ambayo haikutengenezwa kwa maji, kwani umeme utawaua kabla ya vumbi. Hiyo itumike nje kabisa, mbali na watu, na mwenye kuitumia avae barakoa ya vumbi ya kufaa.

Kitambaa au leso puani kinasaidia vumbi nene tu. Lile jembamba linapita. Barakoa za aina ya N95 ndizo zinazolizuia, lakini lazima ikae vizuri usoni na ibadilishwe ikichakaa.

Na ukikohoa zaidi ya wiki mbili, nenda ukapimwe kifua kikuu. Katika vituo vya afya vya serikali kipimo na dawa zake ni bure. Ukifika huko mwambie daktari wazi, "Mimi ni mchongaji wa mawe, na nimefanya kazi hii miaka kadhaa." Usipomwambia, hataweza kujua, naye atatibu kikohozi bila kujua chanzo chake.

Shimo linapoanguka

Kabla ya kuchongwa, jiwe huchimbwa. Hapa hatari haingoji miaka ishirini. Ukuta wa udongo ukianguka, ni suala la dakika chache.

Mara nyingi mashimo huanguka kwa sababu tatu. Mchimbaji hufuata jiwe zuri kwa kuchimba chini ya ukuta, juu kukabaki kama paa lisilo na nguzo. Udongo uliotolewa hurundikwa ukingoni mwa shimo, ukaongeza uzito. Na mvua hulainisha kila kitu. Sisi tunaishi katika nchi ya mvua, na msimu wa masika kuanzia Machi hadi Mei ndio wa kuogopwa zaidi.

Wachimbaji wakubaliane hivi: wachimbe kwa ngazi, kuanzia juu kwenda chini, wasichimbe pango chini ya ukuta. Udongo utupwe mbali na ukingo, angalau hatua mbili kubwa. Kila asubuhi, na kila baada ya mvua, mmoja mwenye uzoefu aukague ukuta kabla ya mtu yeyote kuingia. Akiona ufa juu au udongo mdogo mdogo unaporomoka, hakuna kazi siku hiyo. Tena mtu asichimbe peke yake. Awepo mmoja juu wa kupiga kelele na kuita msaada.

Shimo likiisha kazi, lisiachwe wazi. Likijaa maji, watoto huzama humo, na mbu huzaliana. Hapa milimani kwetu malaria huja kwa milipuko, na kila dimbwi tunaloliacha tunaliongezea nguvu. Mwenye shamba na wachimbaji waelewane kabla jembe la kwanza halijagonga, nani atafukia.

Dawa za shambani

Kutoka kwenye mawe twende kwenye sukuma wiki, nyanya, kahawa na ng'ombe. Wakulima wetu wengi wana pampu ya mgongoni, na wengi hufikiri kwamba dawa humdhuru mtu akiinywa tu. Si hivyo. Kwa anayenyunyizia, njia kubwa ya dawa kuingia mwilini ni ngozi. Pampu inayovuja mgongoni, suruali iliyolowa, mkono uliochanganya dawa bila glavu: hizo ndizo njia zake. Nyingine ni mdomo. Tumewaona vijana wakizibua mdomo wa pampu kwa kupuliza na midomo yao. Mfungieni sindano laini au bua la nyasi kwenye pampu, iwe ndiyo kifaa cha kuzibulia.

Angalieni rangi iliyo chini ya lebo kabla ya kulipa pesa. Nyekundu ni sumu kali sana. Njano inafuata. Halafu buluu, kisha kijani. Hata ya kijani ni sumu, sio juisi. Kama kuna dawa mbili za kazi moja, chukua ile yenye rangi ya hatari ndogo. Nunua kwenye duka lenye leseni, ikiwa ndani ya chupa yake iliyofungwa. Usikubali kupimiwa kwenye chupa ya soda. Mtoto haulizi, yeye hunywa tu.

Siku ya kunyunyizia, fanya kazi asubuhi mapema kabla jua na upepo havijazidi. Upepo uwe mgongoni mwako. Vaa gambuti, suruali ndefu ishuke nje ya gambuti, shati la mikono mirefu na glavu za mpira. Usile, usivute sigara, usipanguse uso kwa mkono wa kazi. Ukimaliza, oga kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto. Mama mjamzito au anayenyonyesha asipewe kazi hii, wala watoto wasitumwe kuchota maji ya kuchanganyia.

Chupa tupu ioshwe mara tatu, na maji hayo yamwagwe ndani ya pampu yakanyunyiziwe shambani. Kisha itobolewe. Isiwekwe mafuta ya taa, wala maziwa, wala chumvi.

Sasa, mtu akishikwa na dawa je? Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, jasho jingi, mate kumtoka, kutapika, kuona ukungu, na misuli kutetemeka. Mtoe shambani. Mvue nguo zilizolowa. Msafishe kwa maji mengi na sabuni, nawe ukijikinga mikono. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa au lebo ya dawa, ili daktari ajue ni sumu gani. Na maziwa? Wengi wetu tulifundishwa kumnywesha maziwa. Tuache desturi hiyo. Maziwa hayaondoi sumu, na mgonjwa aliyelegea anaweza kupaliwa. Pia usimlazimishe kutapika.

Mgongo wa mchuna chai

Nyamira na sehemu za juu za Kisii kazi kubwa ni majani chai. Wengi hudhani haina hatari kwa sababu hakuna anayekufa siku ile ile. Lakini muulizeni mama aliyebeba kikapu kwa miaka thelathini, akipanda na kushuka milima hii, magoti na mgongo wake vikoje.

Hapa dawa ni ndogo ndogo. Peleka majani kituoni mara mbili, mzigo mdogo mdogo, badala ya mara moja mzigo mkubwa. Kamba ya kubebea iwe pana, isikate paji la uso wala mabega. Chimbeni ngazi kwenye kijia cha mteremko, muweke mawe au vipande vya mti, kwa maana wengi huteleza wakiwa na mzigo. Wekeni benchi au gogo refu la kiwango cha kiuno njiani, mtu aweze kutua kikapu na kukibeba tena bila kuinama. Wakati wa kupogoa, panga liwe kali. Panga butu huhitaji nguvu nyingi, ndipo huteleza. Na kila mtu anayeshika panga ahakikishe amechanjwa dhidi ya pepopunda.

Tumeona kijia kimoja kilichochimbwa ngazi na majirani watano kwa asubuhi moja. Hakikugharimu hata shilingi. Wazee wetu walikuwa na egesangio, watu wachache wa jirani wakilimiana mashamba kwa zamu. Kwa nini tusifanye egesangio ya usalama?

Njia ya kutembeleana

Wazo hili limejaribiwa kwingine pia, likafaulu. Katika miaka ya 1990, wakulima wa mpunga wa Can Tho, kusini mwa Vietnam, walianza mpango ulioitwa WIND. Watu wale walikuwa na mashamba madogo kama sisi, na pesa kidogo. Hawakungoja mkaguzi kutoka mjini. Walifundishwa kutembeleana nyumbani na mashambani wakiwa na karatasi ya maswali, wakaangalia njia za kupita, mizigo, zana, dawa na mahali pa kupumzikia. Jambo la kwanza waliloandika si makosa. Waliandika kile ambacho mwenyeji tayari anakifanya vizuri. Kisha walichagua mambo machache ya kurekebisha, yale ambayo mwenyeji anaweza kuyafanya kwa vitu alivyo navyo. Mpango huo ulienea nchi nyingine za Asia, ukafika Kyrgyzstan na hata Senegal hapa Afrika.

Kwa nini kuanza na mazuri? Kwa sababu mtu akiambiwa makosa yake mbele ya watu, hujitetea. Akiona jirani aliye kama yeye ametatua shida ile ile, huenda akajaribu. Beseni la mama wa Tabaka ni mwalimu bora kuliko semina yetu.

Kikundi kifanye hivi:

Siku ya kwanza, chagueni nyumba nne au tano za kutembelea. Wanaume na wanawake waende pamoja, kwa sababu hatari wanazoziona ni tofauti.

Katika kila nyumba, tembeeni taratibu pamoja na mwenyeji. Mwacheni yeye aeleze kazi yake. Andikeni mambo matatu mazuri na matatu ya kurekebisha.

Rudini mkutanoni. Kila mwenyeji achague jambo moja tu atakalolifanya ndani ya mwezi mmoja. Katibu aandike.

Baada ya mwezi, rudini mkaangalie. Aliyefanya awaonyeshe wengine. Aliyeshindwa asaidiwe kwa mikono, si kwa maneno.

Maswali kumi ya kubeba

1. Je, vumbi, moshi au dawa inaweza kuondolewa kabisa, au kupunguzwa kwa maji, kwa upepo au kwa kuhamisha kazi?
2. Je, njia ya kubebea mizigo haitelezi?
3. Je, mzigo unaweza kupunguzwa au kuinuliwa na wawili?
4. Je, panga, jembe na shoka vina mipini imara, na vinawekwa mahali watoto hawafiki?
5. Je, dawa za shamba zimefungiwa mbali na chakula, katika chupa zake zenye lebo?
6. Je, kuna shimo lililo wazi au ukuta unaoning'inia?
7. Je, kuna maji na sabuni karibu na mahali pa kazi?
8. Je, kuna kivuli na maji ya kunywa?
9. Je, watoto wanafanya kazi au wanacheza karibu na hatari?
10. Je, mtu akiumia hapa, nani anajua huduma ya kwanza, na atafikishwaje hospitali usiku?

Mnaona kwamba glavu na barakoa hatukuziweka mwanzo. Vikundi vingi vikisikia neno usalama hukimbilia kuandika barua ya kuomba glavu kwa mfadhili. Glavu ni nzuri, lakini ni ngazi ya mwisho. Kwanza ondoa hatari. Ukishindwa, ipunguze. Kisha wekeni utaratibu. Mwishowe ndipo mvae vya kujikinga.

Kikundi kinapokuwa mwajiri

Kuna neno gumu ambalo hatuwezi kuliacha. Sisi wenyewe huajiri vibarua. Kikundi kinampa kijana pampu inayovuja kwa sababu "ni kibarua tu". Mwanachama anamteremsha mtu kwenye shimo ambalo yeye mwenyewe hangeingia. Tukifanya hivyo, hatuna haki ya kulalamika juu ya matajiri. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mwenye kujenga nyumba aliamriwa aweke ukingo kwenye dari, mtu asije akaanguka. Lawama ilikuwa ya mwenye nyumba, si ya aliyeanguka.

Sheria ya Kenya nayo inasema hivyo. Chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA, mwajiri anatakiwa kumlipa fidia mfanyakazi wake aliyeumia kazini au aliyepata ugonjwa wa kazi. Kwa wale wanaoajiriwa kwenye mashamba, viwandani au kwenye ujenzi, kumbukeni haya. Ukiumia, mwambie mwajiri mara moja, mbele ya shahidi, na ikiwezekana kwa maandishi. Mwajiri naye anatakiwa kuripoti kwa serikali ndani ya siku saba, na kama mtu amekufa, ndani ya saa 24. Madai yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita. Tunza karatasi zote za hospitali. Ofisi inayohusika ni Idara ya Usalama na Afya Kazini, DOSHS, na ofisi ya kazi inaweza kukuelekeza. Usikubali kumaliza mambo kwa elfu mbili na soda kabla hujajua mkono wako utapona au la. Na mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria inataka kuwe na kamati ya usalama yenye wafanyakazi ndani yake. Ulizeni ya kwenu iko wapi.

Kwa anayejiajiri, WIBA haimfikii kwa sababu hana wa kumdai. Yeye amebaki na kikundi na bima ya afya. Wengi bado wanashikilia kadi ya NHIF. Tangu Oktoba 2024 NHIF imekoma, na mahali pake ipo SHA. Anayejiajiri hulipa kulingana na makadirio ya mapato ya nyumba yake, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa ya mwaka mzima kwa pamoja. Shilingi 3,600 kwa mara moja ni nzito kwa wengi. Hapo ndipo kikundi kinaweza kusaidia: mwanachama aweke kidogo kidogo kila wiki, na mwaka ukifika kikundi kimlipie.

Tuanze wapi?

Hatuwaombi mfanye yote. Tunaomba mambo matatu kabla ya toleo lijalo. Mweka hazina afanye ile hesabu ya kitabu tuliyoitaja mwanzo. Kikundi kitembelee nyumba nne na maswali kumi mkononi. Na kila aliyetembelewa arekebishe jambo moja.

Kisha mtuandikie, hata kwa karatasi ya daftari. Tuelezeni mlichokiona, na hasa ule ujuzi mdogo wa mama au kijana fulani ambao wengine hawaujui. Tutauweka hapa ili mtu wa Nyamache ajifunze kwa mtu wa Ekerenyo, na wa Ekerenyo kwa wa Tabaka. Michango ya hospitali tutaendelea kuitoa, maana ndio ujirani wetu. Lakini ingekuwa furaha kubwa mwaka ujao mweka hazina akifungua kitabu, akute ukurasa huo umepungua mistari.